Mvuke haupandi bure

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Leo nataka tuingie jikoni. Najua wapo akina baba watakaosema kwamba jikoni si mahali pao, lakini nawaomba wasizime redio, kwa sababu fedha inayoungua huko jikoni mara nyingi imetoka mifukoni mwao.

Siku chache zilizopita nilikwenda kumjulia hali shangazi yangu anayekaa Ngarenaro, hapa mjini Arusha. Nilimkuta ameketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, na juu ya jiko ameinjika sufuria kubwa ya maji ya kunywa. Sufuria haikuwa na mfuniko. Maji yalikuwa yakitokota kwa fujo, na mvuke umejaa jikoni hadi kioo cha dirisha kinatiririka matone.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Vuta kiti, maji yangu yanakaribia kuiva."

"Yameanza kuchemka saa ngapi?"

"Tangu wenzako walipoanza kusoma taarifa ya habari."

Nikatazama saa. Ilikuwa imepita nusu saa nzima. Nikamwuliza kwa nini hajayaepua. Shangazi akanieleza, kwa upole wa mtu anayemfundisha mtoto, kwamba maji ya Arusha yana chumvi inayoharibu meno, kwa hiyo sharti yachemke sana ili chumvi ile ife. Tena, akasema, kadiri maji yanavyochemka kwa muda mrefu ndivyo yanavyozidi kuwa ya moto, na vijidudu navyo vinakufa vyote.

Msikilizaji, shangazi yangu si mtu mjinga. Hayo aliyoyasema yanaaminiwa na watu wengi, wakiwamo waliosoma. Mimi mwenyewe, zamani, mtoto wetu wa kwanza alipokuwa mdogo, niliagiza nyumbani kwangu kwamba maji yake ya kunywa yachemshwe hadi yapungue nusu. Nilidhani natenda jambo jema. Nitakuja kueleza baadaye nilikuwa nafanya nini hasa. Kwanza tuanze na hilo la joto.

Ukiteleka maji ya baridi jikoni, moto unayapasha joto kidogo kidogo. Ukitia kipimajoto utaona kinapanda: nyuzi 20, 40, 60, 80. Hapa Arusha, kinapofika karibu nyuzi 95, maji yanaanza kutokota. Sasa ongeza mkaa. Pepea moto mpaka uwe mwekundu. Kipimajoto kitabaki palepale kwenye nyuzi 95. Subiri nusu saa, subiri saa nzima: nyuzi 95. Maji yanayoruka kwa fujo na maji yanayotokota taratibu kando ya jiko yana joto lilelile moja.

Hapo ndipo swali linapokuja. Moto unaendelea kuwaka, mkaa unaendelea kwisha, na maji hayazidi kupata joto. Basi joto lote hilo linakwenda wapi?

Jibu ni kwamba linakwenda na mvuke. Maji yameundwa kwa chembe ndogo mno, ambazo zimeshikana kama abiria waliosongamana katika daladala. Mwanzoni moto unazifanya zicheze na kusukumana kwa kasi zaidi, na kasi hiyo ndiyo tunayoiona katika kipimajoto. Lakini maji yakishafika kwenye mchemko, kazi ya moto inabadilika. Sasa moto unatumika kuzing'oa chembe zile kutoka kwa wenzake, moja moja, ili ziruke hewani zikiwa mvuke. Kazi ya kung'oa haionekani katika kipimajoto, ingawa inakula moto mwingi sana. Ndiyo maana wataalamu wa fizikia wakaliita joto la namna hiyo joto fiche.

Aliyeligundua jambo hili kwa vipimo ni mwalimu mmoja wa Chuo Kikuu cha Glasgow, kule Uskoti, aliyeitwa Joseph Black, katika miaka ya 1760. Njia aliyotumia unaweza kuifuata nyumbani kwako ukiwa na saa ya ukutani tu. Teleka kikombe kimoja cha maji ya baridi kwenye moto usiobadilika, na uandike dakika ngapi zimepita hadi yamechemka. Kisha acha moto vilevile, na uandike dakika ngapi zimepita hadi yamekauka yote. Kama kuchemka kulichukua dakika 5, kukauka kutachukua zaidi ya nusu saa. Moto ni uleule na maji ni yaleyale. Kuyageuza maji kuwa mvuke ni kazi kubwa kuliko kuyachemsha.

Ni kubwa kiasi gani? Tuchukue tarakimu. Joto hupimwa kwa kilojuli. Kuitoa lita moja ya maji kwenye nyuzi 20 na kuifikisha kwenye nyuzi 95 kunahitaji kilojuli 315 hivi. Kuigeuza lita hiyohiyo iwe mvuke kunahitaji kilojuli 2,270 hivi. Ni zaidi ya mara saba.

Naomba tarakimu hiyo uikumbuke, msikilizaji, hata kama utasahau mengine yote niliyosema leo. Kila lita moja ya maji inayopotea kwa mvuke jikoni kwako imeondoka na moto ambao ungetosha kuchemsha lita saba nyingine.

Tuigeuze sasa iwe mkaa. Jiko letu la kawaida la bati halipeleki joto lote kwenye sufuria. Sehemu kubwa inapotea pembeni. Ukihesabu kwa makadirio ya majiko hayo, lita moja inayokauka inakula mkaa wa kati ya robo kilo na nusu kilo. Shangazi yangu, katika nusu saa ile, alikuwa amepoteza lita moja na zaidi. Yeye hununua mkaa kwa kopo. Asubuhi ile alikuwa amenunua kopo zima ili atengeneze matone ya kwenye dirisha.

Na usidhani kwamba jambo hili halimhusu mwenye jiko la gesi. Maji hayajui kama moto ni wa mkaa, wa gesi au wa umeme. Mama anayewasha gesi hadi mwisho wakati sufuria imeshachemka anaumaliza mtungi wake kabla ya siku zake. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia, wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Ni jambo jema. Lakini nishati iliyo safi kuliko zote ni ile ambayo hukuichoma, na kupunguza moto maji yakishachemka hakuhitaji mkopo wala mfadhili.

Sasa huenda umejiuliza, mbona nimesema nyuzi 95, na shuleni tulifundishwa kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100? Mwalimu hakukosea. Alisahau tu kutaja kwamba hizo ni nyuzi za pwani.

Hewa ina uzito. Mtu aliye Dar es Salaam au Tanga ana hewa yote juu ya kichwa chake, na hewa hiyo inayakandamiza maji yaliyo katika sufuria. Ili maji yachemke, mvuke unaojijenga ndani yake sharti upate nguvu ya kuisukuma hewa hiyo. Kule pwani nguvu hiyo inapatikana kwenye nyuzi 100. Lakini Arusha mjini tuko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Sehemu ya hewa tumeiacha chini yetu, mgandamizo umepungua, na mvuke unashinda mapema zaidi. Kwa kila mita 300 unazopanda, mchemko unashuka kwa karibu uzi mmoja.

Wapishi wanaowasindikiza wageni kupanda Mlima Meru wanalijua hili kwa vitendo. Kwenye kituo cha Miriakamba, mita 2,500 hivi, maji huchemka kwa karibu nyuzi 92. Kwenye kituo cha Saddle, mita 3,570 hivi, ni nyuzi 88. Ukifika Kilele cha Ujamaa, kilicho zaidi ya mita 4,500, sufuria inatokota kwa nyuzi 85. Chai utapata, lakini maharage utayangoja mpaka uchoke, kwa sababu chakula huiva kwa joto, hakiivi kwa mapovu.

Hata hapa mjini tofauti hiyo ya nyuzi 5 tunaionja. Mgeni kutoka Dar es Salaam akipika makande Sakina au Ilboru hushangaa kwa nini yanachelewa kuiva kuliko nyumbani kwao. Hukasirika, akaongeza moto. Lakini tumekwisha kuona kwamba moto wa kuongeza hauongezi joto la maji hata uzi mmoja. Unaongeza mvuke tu. Dawa ya makande magumu si moto mkali.

Dawa ni hizi. Kwanza, loweka maharage na mahindi usiku kucha. Pili, funika sufuria. Mfuniko si wa kuzuia inzi tu: mvuke unapougusa hugeuka tena kuwa maji, na joto lile ulilolibeba hulirudisha papo hapo badala ya kwenda nalo dirishani. Tatu, yakishachemka kwa nguvu kwa dakika 10 au 15, funga mlango wa jiko upunguze moto, mradi tu mapovu yaendelee. Zile dakika za mwanzo usizikate, kwa sababu maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayohitaji mchemko kamili ili iishe. Nne, ukiwa na kikapu kikubwa kilichojazwa nyasi kavu au blanketi kuukuu, yaepue yakiwa yanatokota, yaingize humo na mfuniko wake, uyafunike vizuri. Yataendelea kuiva bila mkaa, na baadaye utayarudisha motoni kidogo kuyamalizia. Na mwenye uwezo wa kununua ile sufuria ya kupikia kwa presha, basi atakuwa ameufungia mvuke ndani: mgandamizo unapanda, na maji yanafika hadi karibu nyuzi 120. Ni kama kuishusha Arusha chini ya pwani.

Turudi kwenye maji ya kunywa. Kama mchemko wetu ni nyuzi 95 tu, je, vijidudu vinakufa? Vinakufa, bila wasiwasi. Maziwa ya viwandani hupashwa hadi nyuzi 72 kwa sekunde 15, na yanahesabiwa kuwa salama. Nyuzi 95 ni zaidi sana ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema inatosha maji yafikie mchemko kamili, ule wa mapovu makubwa yanayopinduka sufuria nzima. Wataalamu wengine, kwa tahadhari, wanasema uyaache dakika 1, na kwa anayeishi juu ya mita 2,000, dakika 3. Baada ya hapo epua, funika, yaache yapoe ndani ya chombo kilekile. Dakika nyingine 27 za shangazi hazikuua kijidudu hata kimoja cha ziada.

Sasa, msikilizaji, nifike kwenye lile la chumvi ya meno, ambalo ndilo lililonifanya niandike mazungumzo haya.

Chumvi anayoisema shangazi ni madini yanayoitwa floraidi. Mlima Meru ni mlima wa volkano, na miamba yake ina madini hayo. Mvua inanyesha, maji yanapenya ndani ya mwamba, yanayayeyusha, na kutokea kwenye chemchemi, mito na visima vyetu. Floraidi kidogo huyasaidia meno. Ikizidi, meno ya mtoto hujengeka vibaya wakati bado yako ndani ya ufizi, na yakishatoka hupata madoa ya kahawia ambayo hakuna mswaki unaoyasafisha. Ikizidi mno kwa miaka mingi, mifupa inaharibika, magoti yanapinda, mgongo unakakamaa. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita moja. Kwa miaka mingi nchi yetu ililazimika kuvumilia hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa kuwa mahali pengi hapakuwa na maji mengine. Wenzetu wa Ngarenanyuki na Oldonyosambu hawahitaji kuelezwa habari hizi. Watoto wao wanapocheka, sisi tunaona.

Maji yanapogeuka mvuke, kinachopanda ni maji peke yake. Chumvi haipandi. Floraidi haipandi. Haifi, haiungui, inabaki chini katika sufuria. Hebu tuhesabu. Una lita 5 za maji, na kila lita ina miligramu 2 za floraidi. Jumla ni miligramu 10. Chemsha mpaka zibaki lita 4: miligramu 10 ziko palepale, sasa kila lita ina 2.5. Chemsha hadi nusu, kama nilivyoagiza mimi nyumbani kwangu: kila lita ina miligramu 4.

Kwa maneno mengine, msikilizaji, nilikuwa namnywesha mwanangu floraidi maradufu, kwa mkaa nilioununua mwenyewe, nikiamini namponya. Leo ni mtu mzima. Kila anapocheka nakumbuka sufuria ile.

Ukitaka kuiona kazi hii ikifanywa kwa ukubwa wake, nenda kaskazini, ndani ya mkoa huuhuu wetu wa Arusha, hadi Ziwa Natron. Ziwa lile linapokea maji lakini halina mto unaotoka. Njia pekee ya maji kuondoka ni kupanda juu kwa mvuke chini ya jua kali, na kila yanapoondoka yanaacha chumvi zake. Kwa maelfu ya miaka ziwa limekuwa kama sufuria ya shangazi. Ukoko uliobaki ndio magadi.

Na magadi hayo, jamani, tunayanunua sokoni tukayatia kwenye makande na maharage ili yaive haraka! Uchunguzi umeonyesha kwamba magadi ya kupikia yanayotumika mkoani kwetu yana floraidi, mengine kwa wingi. Basi tazama mnyororo ulivyo: tuko juu, maji yanachemka mapema, maharage yanachelewa, mama anatia magadi, na floraidi iliyokosa njia ya kuingia kwa maji inaingia kwa mboga. Kuloweka usiku kucha kunafanya kazi ileile ya magadi, na hakugharimu kitu.

Tufanye nini basi na maji yenyewe? Pale Ngurdoto, Wizara ya Maji ina kituo cha utafiti kinachoshughulika na kuondoa floraidi, na njia iliyofanyiwa kazi hapo ni ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa kwa utaratibu maalumu, ikasagwa, na maji yakapitishwa ndani yake. Mifupa inaikamata floraidi. Naomba mtu asichome mifupa ovyo nyuma ya nyumba yake akadhani amepata chujio. Joto la kuchomea na muda wa kubadilisha mifupa vinahitaji kipimo. Aulize kwa wanaojua.

Njia nyingine iko juu ya paa lako. Maji ya mvua ni mvuke uliopanda kutoka baharini, maziwani na majanini, ukaziacha chumvi huko ulikotoka, ukapoa juu ya mlima na kurudi kuwa maji. Jua limekufanyia bure kazi ambayo kwa mkaa usingeiweza. Mwenye bati na mfereji na tangi safi, aache mvua ya kwanza ioshe paa, kisha akinge. Kama hayatoshi familia nzima, basi yawe ya watoto wadogo, wale ambao meno yao ya ukubwani bado yanajengeka. Na hayo ndiyo ya kuchemsha, dakika 1, kisha epua.

Nisije nikaonekana nausema vibaya mvuke. Tabia hiyohiyo ya kula joto inatusaidia kila siku. Wazee wetu waliweka maji katika mtungi wa udongo. Maji kidogo hupenya vinyweleo vya mtungi, yakafika nje, yakageuka mvuke bila kuchemka. Nao mvuke huo sharti upate joto lake mahali fulani, na kwa kuwa hakuna moto, unalichukua kwenye mtungi wenyewe na maji yaliyomo. Ndiyo maana maji ya mtungi ni baridi hata Januari, jua la Kisongo likiwaka. Kina mama wanaouza mchicha soko la Kilombero hufunika mboga kwa gunia bichi kwa sababu hiyohiyo, na dereva wa lori anayelivika dumu lake kitambaa cha maji anafanya fizikia bila kujua jina lake. Pwani njia hii haina nguvu sana, kwa sababu hewa ya kule imekwisha kujaa unyevu na haipokei mvuke zaidi kwa urahisi.

Na jasho letu ni mtungi tunaotembea nao. Mtu aliyelowa mvua akisimama stendi upepo wa Meru ukimpiga, anatetemeka hata kama hewa si baridi sana, maana maji yanayokauka mwilini mwake yanamwibia joto.

Lakini kumbuka kwamba mvuke unapogeuka kuwa maji, unalirudisha joto lote ulilolibeba, na haujali unalirudisha wapi. Ukiurudisha kwenye mfuniko, ni faida. Ukiurudisha kwenye mkono wa mtoto, ni msiba. Gramu moja ya mvuke ikigusa ngozi huachia joto mara kumi ya gramu moja ya maji yaliyochemka. Kwa hiyo unapofunua sufuria, inua kwanza ule upande wa mfuniko ulio mbali nawe. Mtu akiungua, miminia maji safi ya baridi kwa dakika 20, usimpake mafuta wala dawa ya meno, umpeleke hospitali.

Najua yupo atakayesema, huyu mtangazaji ameishiwa habari mpaka anazungumzia sufuria. Namkumbusha habari ya Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Siku moja akaweka mchanganyiko wake kwenye friji ungali wa moto, na ukaganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuwa umechemshwa. Alipouliza kwa nini, alichekwa. Hakunyamaza. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, naye akalijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wakaliandika pamoja katika jarida la fizikia. Wanasayansi duniani wanabishana juu yake mpaka leo. Miongoni mwa sababu zilizopendekezwa ni hii yetu ya leo: maji ya moto hutoa mvuke mwingi, na mvuke huo huondoka na joto jingi. Kijana wa Kitanzania aliufikisha ulimwengu mzima jikoni, kwa kuuliza tu.

Shangazi alinisikiliza hadi mwisho siku ile. Hakubishana. Akachungulia sufuria yake, akapima kwa jicho maji yaliyobaki, akaangalia na kopo la mkaa lililokuwa tupu. Kisha akaepua sufuria, akafunika.

"Sasa baba," akaniambia, "mambo kama haya mbona hamyasemi redioni?"

Sikuwa na jibu. Ndiyo maana leo nimeyasema. Maji yakipindua mapovu, dakika 1 yatosha, epua. Chakula kikichemka, funika na upunguze moto. Na kama ni floraidi unayoiogopa, usiitafutie dawa jikoni. Ondoka na ndoo yako ukatafute maji mengine.